Kunoa wembe wa kukunja: kutoka mshazari wa kwanza hadi ukanda wa ngozi

Wembe wa kukunja, yaani ule wenye kipande kimoja cha chuma kinachojificha ndani ya mpini wake, hautupwi makali yanapokwisha kama zinavyotupwa zile nyembe nyembamba za kubadilisha. Makali yake hurudishwa kwa mkono, juu ya jiwe, na anayeumiliki asipojifunza kazi hiyo atabaki na pambo la kabatini. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wembe wao unakata karatasi vizuri, unakata hata nyanya bila kukandamizwa, lakini ukifika shavuni unavuta ndevu na kuwasha ngozi. Unywele wa ndevu haukubali kudanganywa kama karatasi. Unahitaji makali ambayo unene wake kwenye mstari wa mwisho ni sehemu ndogo ya mikroni moja (elfu moja ya milimita), tena yaliyo sawa kutoka mwanzo wa wembe hadi ncha yake.

Baada ya miaka ya kunoa nyembe zangu na za watu wengine, naamini kwamba kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko makosa mengine yote yakiwekwa pamoja ni lile la kukimbilia jiwe laini kabla jiwe la kwanza halijamaliza kazi yake. Ndiyo maana sehemu ya mwongozo huu inayohusu jiwe la kwanza ni ndefu kuliko nyingine, na ninamwomba msomaji asiiruke.

Jinsi wembe unavyojipimia pembe

Anayenoa kisu hulazimika kushikilia pembe kwa mkono wake. Wembe wa kukunja haudai hivyo, kwa sababu mgongo wake wenyewe ndio kipimo cha pembe. Ukiulaza juu ya jiwe bapa, mgongo na makali hugusa jiwe kwa wakati mmoja, na pembe hujipanga bila msaada wako. Chukua wembe wenye upana wa milimita 18 kutoka makali hadi pale mgongo unapogusa jiwe, na mgongo wenye unene wa milimita 5: pembe yote ya makali, pande zote mbili zikihesabiwa, itakuwa karibu nyuzi 16. Nyembe nyingi nzuri huangukia kati ya nyuzi 15 na 19. Pembe ikiwa ndogo kuliko hapo, makali huwa dhaifu na humegeka upesi. Ikiwa kubwa sana, wembe hukata kwa uzito na ngozi huuhisi.

Kutokana na umbo hilo inazaliwa kanuni isiyo na msamaha: mgongo hauinuliwi kutoka kwenye jiwe hata mara moja. Kuuinua kidogo tu katika mpito mmoja kunatosha kuviringisha makali uliyoyajenga kwa nusu saa.

Ule uso mwembamba ulioinama, unaoonekana kama utepe unaong'aa kandokando ya makali, nitauita mshazari. Kuna mshazari mmoja kila upande, na pale mishazari miwili inapokutana ndipo makali yanapozaliwa. Kazi yote ya jiwe la kwanza ni kuifanya mishazari hiyo ikutane barabara katika urefu wote wa wembe. Kazi ya mawe yanayofuata ni kuing'arisha.

Sehemu nyingine tutakazozitaja ni kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini. Ncha, yaani mwisho wa mbele. Na shina, ile sehemu ya chuma isiyo na makali inayoingia mpinini na ambayo vidole hushika wakati wa kunoa.

Ukaguzi kabla ya maji

Weka wembe chini ya taa kali na uutazame kwa lenzi ya kukuza, kama ile ya sonara. Tafuta kwanza ufa. Wembe wenye ufa unaotoka kwenye makali kuelekea mgongoni haunolewi, kwa kuwa kipande chake kinaweza kukatika usoni. Tafuta kisha mapengo na mashimo ya kutu. Kutu iliyo katikati ya ubapa ni dosari ya sura tu, lakini mashimo yaliyofika kwenye mstari wa makali yatakusumbua hadi chuma chote chenye mashimo kiondolewe.

Baada ya hapo laza wembe juu ya kioo bapa na uangalie kama unagusa kote. Wembe wenye makali yaliyonyooka, au yenye tao dogo linalotokeza nje kama tabasamu, unanoleka vizuri. Wembe ambao makali yake yamebonyea katikati umenolewa vibaya na mtu aliyetangulia, na utahitaji kunyooshwa kwa jiwe la kukwaruza. Kama kisigino kina bega nene linalopanda juu ya jiwe, basi makali ya karibu nalo hayatagusa chochote. Bega hilo lisipande jiwe. Wembe uanzie mbele yake. Kwa anayejifunza, ushauri wangu ni kuanza na wembe ulionyooka, usio na kutu kwenye makali, wenye upana wa milimita 16 hadi 19. Nyembe za kale za Sheffield, mji wa Uingereza, zenye ubavu mnene kama kabari ni nzuri sana, lakini eneo lao linalogusa jiwe ni kubwa na kazi yake ni ya polepole. Zile zilizochimbwa ubavu, ambazo mji wa Solingen wa Ujerumani ulijipatia sifa kwazo, hugusa jiwe kwa mistari miwili tu, mgongo na makali, na humfundisha mtu haraka zaidi.

Mashine ya kunolea inayozunguka kwa kasi isiguse wembe kwa hali yoyote. Makali ni membamba mno kiasi kwamba hupata joto kufumba na kufumbua, na chuma cha wembe kikipita nyuzi 200 na kidogo za Selsiasi huanza kupoteza ugumu wake. Chuma kilicholainika hakirudi kuwa kigumu kwa kunolewa.

Vinoo

Mawe ya kutengenezwa yanayotumia maji huandikwa namba, na kadiri namba inavyokua ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Seti inayotosha ni jiwe la 1000, jiwe la 4000 au 5000, jiwe la 8000, na jiwe la kumalizia la 12000 au jiwe la asili linalolingana nalo. Kwa kipimo cha Kijapani, chembe za jiwe la 1000 ni za mikroni 11 hadi 15 hivi, na za jiwe la 8000 ni za mikroni moja hadi mbili. Upana wa milimita 70 au zaidi unafaa. Mengine hulowekwa kwa dakika kumi au kumi na tano hadi yaache kutoa viputo. Mengine, hasa yale laini, hunyunyiziwa maji tu, na yakilowekwa huweza kupasuka. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa jiwe lako. Usitie mafuta kwenye jiwe la maji, kwani vinyweleo vyake vikiziba kwa mafuta jiwe hilo limekwisha.

Mawe ya asili yana historia ndefu na yana wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Kotikuli ya Ubelgiji, jiwe la rangi ya maziwa mazito linalochimbwa katika milima ya Ardennes, hukata kwa chembe ndogo za ganeti, madini magumu, zilizomo ndani yake. Sleti ya Thuringia kutoka Ujerumani huacha makali laini sana. Mawe ya kumalizia ya Japani yaliyochimbwa karibu na Kyoto ni magumu, na husuguliwa kwanza kwa kijiwe kidogo ili kutoa tope la kunolea. Marekani ina novakuliti ya Arkansas. Kila jiwe la asili lina tabia yake hata kati ya mawe mawili ya machimbo yaleyale, kwa hiyo anayeanza atajifunza haraka zaidi kwa mawe ya kutengenezwa, ambayo hayabadiliki kutoka kipande hiki hadi kile.

Jiwe lolote lile, kabla ya kuguswa na wembe, lazima liwe bapa. Jiwe jipya mara nyingi si bapa. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wote, kisha sugua jiwe chini ya maji kwa bamba la almasi, au juu ya msasa wa maji wa namba 400 uliotandazwa kwenye kioo kinene, hadi mistari yote ya penseli ifutike. Rudia mara tatu. Penseli ikibaki katikati, katikati pamebonyea. Ikibaki pembeni, pembeni pameinama. Mwishowe punguza ukali wa kingo za jiwe kwa kuzisugua kidogo jiwe likiwa limeinamishwa, kwa kuwa ukingo mkali wa jiwe humega wembe bila kutoa sauti.

Utepe mgongoni

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu kubandika utepe wa fundi umeme kwenye mgongo wa wembe. Wanaoutumia husema unazuia mgongo kukwaruzika. Wasioutumia husema mgongo na makali yalikusudiwa kulika pamoja ili pembe isibadilike. Wote wana hoja. Tabaka moja la utepe wenye unene wa milimita 0.15 hivi huongeza pembe kwa karibu nyuzi moja, tofauti isiyodhuru. Mimi huutumia kwa nyembe za kabari, kwa nyembe zenye nakshi mgongoni, na kwa nyembe ambazo mgongo wao umeshalika hadi pembe imekuwa ndogo mno. Ukiamua kuutumia, utumie kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho, na uubadilishe kila unapobadilisha jiwe, kwa sababu utepe uliochakaa unashusha mgongo na mshazari hauguswi tena pale ulipoguswa mwanzo.

Jiwe la 1000: kujenga mshazari

Paka wino wa kalamu isiyofutika kwa maji kwenye mshazari wa kila upande. Weka jiwe mahali ambapo halitateleza, lilowe maji juu. Shika shina kwa kidole gumba na cha shahada, mpini ukiwa umefunguliwa ili usigonge jiwe, na mkono ukiwa umelegea. Laza wembe, mgongo na makali yakigusa kwa pamoja, kisha usukume mara tatu au nne, makali yakitangulia kama unayetaka kukwangua ngozi nyembamba ya jiwe. Geuza wembe hewani kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, na urudishe upande wa pili ukiuvuta kuelekea kwako, makali yakitangulia vilevile.

Sasa tazama wino. Pale ulipofutika, jiwe limegusa. Pale uliposalia upande wa mshazari ulio karibu na mgongo huku ukifutika upande wa makali, au kinyume chake, pembe ya zamani ilikuwa tofauti na yako na itabidi chuma kiondolewe hadi mshazari wote uwe mmoja. Uliposalia kwenye kisigino au ncha tu, njia ya mkono wako haifiki huko. Wino unasema kweli ambayo macho na vidole havijaweza kuiona bado.

Makali ya wembe mara nyingi ni marefu kuliko upana wa jiwe, kwa hiyo mpito wa kawaida huenda kwa kukatiza pembeni: unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe, na unavyosonga mbele unauvuta wembe pembeni hadi unamalizia na ncha. Pande zote mbili zikifanyiwa hivyo, njia hizo huchora msalaba juu ya jiwe. Wembe wenye tao huongezewa mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono, ili kila sehemu ya tao ipate zamu yake ya kugusa. Njia hii nyepesi ya msalaba ndiyo utakayoitumia hadi mwisho. Hata hivyo, mshazari ukiwa mbali na kukamilika, mizunguko midogo ya duara, 30 upande mmoja na 30 upande wa pili, huondoa chuma haraka zaidi. Kwenye jiwe hili peke yake unaweza kuongeza uzito kidogo wa kidole katikati ya ubapa. Usikandamize zaidi ya hapo: ubavu uliochimbwa ni mwembamba, hupinda ukikandamizwa, na ukipinda unanoa mahali pasipo makali.

Hesabu ya mipito haikuambii lolote hapa. Wembe mmoja hukamilika kwa mipito 40, mwingine hutaka 400. Kinachokuambia ni vipimo vitatu, na ninavitumia vyote.

Cha kwanza ni mwanga. Shika wembe makali yakitazama juu, moja kwa moja chini ya taa, na uutikise polepole. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Mstari wake hauna upana wa kurudisha mwanga. Kila kimulimuli kidogo cheupe unachokiona kwenye mstari huo ni mahali ambapo mishazari haijakutana.

Cha pili ni maji. Mishazari inapokutana, makali huanza kuingia chini ya maji yaliyo juu ya jiwe na kuyapandisha kwenye ubapa, badala ya kuyasukuma mbele yake kama ubao. Maji yakipanda katikati na kusukumwa kwenye ncha, unajua ncha bado haijafika.

Cha tatu ni nywele za mkono. Wembe uliotoka kwenye jiwe la 1000 lililokamilisha kazi yake unapaswa kukata nywele za mkono karibu na ngozi, bila kuvuta, kwa kisigino, kwa katikati na kwa ncha vilevile. Jaribu sehemu zote tatu. Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha jiwe hili kwa lile, nikiamini jiwe langu la kumalizia lina kasoro, kumbe kisigino cha wembe hakijawahi kuguswa na jiwe la kwanza.

Ukinoa upande mmoja kwa muda mrefu, chuma chembamba kama utando huvuka upande wa pili na kujikunja. Utando huo hudanganya: hukata nywele za mkono vizuri, kisha huanguka kwenye jiwe linalofuata na kuacha makali butu yaliyochanika. Uondoe hapahapa kwa kupunguza duara hatua kwa hatua, 30, kisha 20, kisha 10, na kumalizia kwa mipito 20 ya msalaba, mmoja upande huu na mmoja upande ule, kwa uzito wa wembe peke yake. Ukiona chini ya lenzi utando umeng'ang'ania, hasa kwenye chuma kisichoshika kutu, pitisha makali yakiwa wima mara moja juu ya ukingo uliolainishwa wa jiwe laini, bila uzito wowote, na uyajenge upya kwa mipito kumi au zaidi. Inaumiza moyo kuyafuta makali uliyotoka kuyajenga, lakini yanayorudi huwa safi.

Mapengo makubwa yanayoonekana kwa macho huondolewa kabla ya haya yote, kwa jiwe la 400 hivi, kwa njia hiyohiyo ya wembe kulala bapa. Usiondoke kwenye jiwe la 1000 kama vipimo vitatu havijakubaliana.

Mawe ya kati

Hapa kazi ni nyepesi. Osha wembe, osha mikono, osha hata meza, kwa sababu chembe moja ya jiwe la 1000 ikihamia kwenye jiwe la 5000 itachimba mfereji kwenye makali. Kisha fanya duara 20 kila upande kwa uzito mdogo kabisa, ukifuatia na mipito 20 hadi 30 ya msalaba. Tazama chini ya lenzi: mikwaruzo mirefu ya jiwe la 1000 inapaswa kutoweka na nafasi yake kuchukuliwa na mikwaruzo mifupi, myembamba, inayofika hadi kwenye mstari wa makali. Jiwe la 8000 hufanya vivyo hivyo, bila duara, kwa mipito 25 hivi. Mshazari utaanza kung'aa kama kioo chenye ukungu, na wembe utaanza kunata kidogo juu ya jiwe, kama unavutwa kwa ndani. Huo mnato ni ishara njema, maana yake nyuso mbili bapa zimekutana.

Wapo wanaonyoa moja kwa moja kutoka jiwe la 8000, na wembe ulioandaliwa vizuri hunyoa kweli. Ngozi ngumu huridhika nao. Ngozi laini hutaka hatua inayofuata.

Kumalizia

Jiwe la kumalizia haliongezi ukali kwa kiasi ambacho watu hudhani. Linachokifanya ni kupunguza kina cha mikwaruzo iliyobaki, ili meno madogo yasiyoonekana kwenye mstari wa makali yawe mafupi na yenye kulingana. Meno marefu hukata ndevu lakini hukwangua na ngozi, ndiyo maana mtu hunyoleka vizuri kisha uso ukawaka.

Kinachoamua kila kitu hapa ni uzito wa mkono. Shika shina kwa vidole viwili, hivi kwamba mtu akiupuliza wembe ungeyumba. Maji yawe mengi na masafi. Fanya mipito 15 hadi 20 ya msalaba, polepole, kila mmoja ukichukua sekunde mbili hivi. Kisha mwaga maji yote, tia mapya, na ufanye mipito mitano hadi kumi ya mwisho, ukijitahidi kubeba hata sehemu ya uzito wa wembe wenyewe bila kuuinua mgongo. Hiyo mipito ya mwisho ndiyo wembe utakayoikumbuka shavuni.

Anayetumia jiwe la asili linalotoa tope anaweza kuanza na tope zito kama maziwa, kisha akaongeza maji matone machache baada ya kila mipito 15 hadi 20, mpaka tope liishe na abaki na maji matupu. Tope hukata haraka lakini chembe zake hugonga mstari wa makali uso kwa uso na kuufanya mviringo kidogo. Kulipunguza taratibu huruhusu makali yajichonge upya kadiri tope linavyokuwa jepesi. Kotikuli hufanya kazi hii vizuri sana. Mtu mwenye subira anaweza kutoka mshazari hadi kunyoa juu ya kotikuli moja tu, kwa sababu lenye tope hufanya kazi ya jiwe la kati na lenye maji matupu hufanya kazi ya jiwe la kumalizia.

Usizidishe. Kuna kiwango ambapo kila mpito unaoongezwa unaanza kurefusha makali kuwa utando usio na nguvu, na wembe unaoonekana mkali ajabu hudumu nusu ya uso. Kipimo kinachofaa sasa ni unywele mmoja uliooshwa, ulioshikwa kwa vidole na kuachwa ukining'inia: ukigusishwa kwenye makali ukatike wenyewe, sehemu zote tatu. Lakini nywele za watu hutofautiana kwa unene, kwa hiyo tumia nywele za mtu yuleyule kila mara, na usikipe kipimo hiki mamlaka kuliko uso wako.

Ukanda

Ukanda wa kunolea wembe una pande mbili, kitani au turubai kwa upande mmoja na ngozi kwa upande wa pili. Kitani husafisha makali; ngozi huyanyoosha na kuyasugua. Hapa mwelekeo unageuka: mgongo ndio unaotangulia na makali hufuata nyuma. Atakayesahau hili mara moja ataukata ukanda wake.

Tundika ukanda kwenye ndoano imara, uvute hadi unyooke bila kulegea katikati, kwa kuwa ukanda uliolegea hukunja ngozi kuzunguka makali na kuyafanya butu. Laza wembe bapa, mgongo na makali vikigusa, na uuvute kwa mwendo uleule wa msalaba uliotumia kwenye jiwe. Mwishoni mwa njia simama kabisa, kisha zungusha wembe juu ya mgongo wake ili makali yapite hewani, na urudi. Mgongo usiachane na ukanda. Ajali nyingi za ukanda hutokea pale mtu anapogeuza wembe kabla haujasimama. Mipito ya haraka huja yenyewe baadaye. Kwa miezi ya mwanzo nenda taratibu.

Baada ya jiwe, mipito 20 hadi 30 kwenye kitani na 50 hadi 60 kwenye ngozi inatosha, mpito mmoja ukiwa ni kwenda na kurudi. Kila siku kabla ya kunyoa, ngozi peke yake, mipito 40 hivi.

Dawa ya kung'arishia, kama oksidi ya kromiamu yenye chembe za mikroni 0.5, huweza kupakwa kidogo sana kwenye ukanda wa pekee au kwenye ubao wenye ngozi, kamwe si kwenye ukanda wa kila siku. Mipito kumi huamsha wembe uliochoka bila kurudi kwenye jiwe. Hata hivyo, ngozi hubonyea chini ya wembe, na kila mara inapobonyea inaviringisha mshazari kidogo. Baada ya kuamshwa mara kadhaa kwa dawa, wembe hukataa, na hapo jiwe halina budi.

Uso ndio hakimu

Nyoa mara moja kwa maji ya moto na povu zito, wembe ukiinamishwa nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, ngozi ikivutwa kwa mkono wa pili. Kisha sikiliza. Wembe unaovuta ndevu, hasa kwenye sehemu moja ya urefu wake, una mshazari usiokamilika pale, na dawa yake ni jiwe la 1000 wala si la kumalizia. Wembe unaokata kila kitu kwa urahisi lakini unaacha uso ukiwaka una makali yasiyomaliziwa, au yaliyomaliziwa kupita kiasi. Mipito kumi myepesi kwenye jiwe la kumalizia na ukanda mrefu kwa kawaida humaliza tatizo. Wembe ulioanza vizuri na kufa kabla shavu la pili halijaanza ulikuwa na utando.

Makali huchoka hata kwa wembe ulionolewa vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa hadubini ulioonyesha kwamba unywele, ingawa ni laini kuliko chuma kwa takribani mara 50, unaweza kumega makali ya wembe, hasa unapokutana nayo kwa kuinama na pale ambapo muundo wa ndani wa chuma haulingani. Hii ndiyo sababu ya kulowesha ndevu kwa dakika mbili au tatu kabla ya kunyoa: unywele uliolowa ni laini zaidi na makali hayasumbuki sana kuukata. Kwa anayenyoa kila siku, nimeona miezi miwili hadi mitatu ikipita kabla wembe haujaomba jiwe, na unapoomba huhitaji jiwe la kumalizia tu, mipito 20 hivi, mradi hukuusubiri hadi ukawa butu.

Ukimaliza kunyoa, suuza kwa maji, kausha ubapa kwa kitambaa ukifuta kutoka mgongo kuelekea makali, kausha na ndani ya mpini mahali ambapo maji hujificha kwenye msumari, na uupitishe mara kumi kwenye kitani. Wembe utakaokaa wiki bila kutumiwa upakwe mafuta mepesi kwa ncha ya kidole, kwenye ubapa na kwenye shina, kisha uhifadhiwe nje ya bafu, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki.